Kliniki Inayomfundisha Mjamzito Kuogopa

Somo la asubuhi linafanana katika kliniki nyingi za wajawazito nchini. Kina mama wamekaa kwenye mabenchi, kadi mkononi, na muuguzi amesimama mbele yao akizitaja dalili za hatari moja baada ya nyingine: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, homa, degedege, chupa kupasuka kabla ya wakati, mtoto kuacha kucheza tumboni. Zikiisha inafuata orodha ya vifaa: glovu, mpira wa kutandika, wembe, vibanio vya kitovu, pamba, khanga safi, beseni. Anauliza kama kuna mwenye swali. Kimya. Wanaanza kuitwa mmoja mmoja kupimwa uzito na presha, na somo limekwisha. Mama huyo atarudi kliniki mara nne, hata nane akiwa na bidii, na bado siku ya uchungu ataingia kwenye chumba asichowahi kukiona, apokewe na watu asiowajua, na mwili wake ufanye mambo ambayo hakuna aliyewahi kumweleza.

Mimi ni mkunga. Nimehudumu kliniki na nimehudumu leba. Msimamo wangu ni kwamba elimu tunayowapa wajawazito inaeleza vizuri jinsi mimba inavyoharibika, lakini haielezi jinsi mtoto anavyozaliwa. Mwanamke anatoka kwetu akizijua njia nyingi za kufa, na ile moja ya kawaida ya kujifungua salama haijui. Tunamjaza hofu kwa miezi sita, kisha akifika leba na kupiga kelele tunamwambia anadeka. Dalili za hatari sizidharau hata kidogo: kuzijua mapema kumeokoa wengi, na mkunga atakayeacha kuzifundisha anastahili kuulizwa. Ninachokataa ni kuzifanya ndizo somo zima.

Chanzo cha jambo hili kinaeleweka. Kwa miaka mingi kazi kubwa ilikuwa kumtoa mama nyumbani na kumfikisha kituoni, na tishio lilikuwa chombo cha haraka: usipokuja utakufa. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa imefanyika. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 81 kati ya kila 100 nchini Tanzania walizaliwa katika vituo vya afya, na vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Mama amekuja, lakini sisi bado tunamhubiria aje.

Hofu hufanya kazi mwilini kwa njia inayojulikana. Mtu akiogopa, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unaenda mbio, na damu inapelekwa kwenye misuli ya miguu na mikono ili mwenyewe akimbie au apigane. Mfuko wa uzazi haumo katika mpango huo. Mishipa inayoupelekea damu hubana, na misuli yake, ambayo wakati wa uchungu inatakiwa kukaza na kuachia kwa mpangilio, hulegea. Waliosoma famasia watakumbuka kuwa salbutamol, dawa ya pumu, iliwahi kutumika kutuliza uchungu unaoanza kabla ya wakati. Inagusa vipokezi vilevile vya misuli ya uzazi ambavyo adrenalini huvigusa. Kwa hiyo mama aliyeshikwa na woga mkali anajitengenezea mwenyewe, bila kupenda, dawa ya kuuzuia uchungu wake usisonge mbele. Uchungu unapunguza kasi, lakini maumivu hayapungui, kwa sababu mtu aliyejikaza na anayeliogopa kila wimbi linalokuja huyasikia maumivu kwa ukali zaidi.

Daktari Mwingereza Grantly Dick-Read aliliandika jambo hili mapema, katika kitabu chake cha mwaka 1933 na kile cha 1942 kilichompa umaarufu: hofu huleta mkazo, mkazo huleta maumivu, na maumivu yanarudi kuikuza hofu. Sehemu ya fiziolojia yake imepitwa na wakati, ila duara lenyewe naliona leba hadi leo. Watafiti wa Norwei walilipima kwa namna nyingine mwaka 2012, wakiwafuatilia wanawake 2,206 waliokusudia kujifungua kwa njia ya kawaida. Wenye hofu walikaa kwenye uchungu muda mrefu zaidi. Hata baada ya kuondoa athari za mambo mengine, kama mimba kuwa ya kwanza au mama kuanzishiwa uchungu, tofauti ya dakika 47 ilibaki. Dakika 47 si kitu kwa anayesoma jedwali. Kwa aliye kitandani akiamini anakufa, ni muda mrefu sana.

Kwetu kuna jambo linaloikaza zaidi kamba hii. Hatua ya mwanzo ya uchungu, ile ambayo njia inafunguka polepole kabla ya kufika sentimita tano, haina muda maalumu, na Shirika la Afya Duniani lilisema hivyo waziwazi katika mwongozo wake wa 2018. Yaweza kuchukua saa chache, yaweza kumaliza usiku mzima na mchana wake. Mama asiyeelezwa anahesabu saa zote hizo kuwa ni uchungu uliokwama. Anafika usiku akiwa na sentimita mbili, anaambiwa "bado", anakaa koridoni, anaamini kuna kitu tunamficha. Ndugu zake wanaanza kuulizana kwenye simu. Sehemu nyingine wakubwa wa ukoo wanamtaka ataje mwanamume mwingine aliyelala naye, kwa imani kwamba mtoto amegoma kutoka kwa sababu ya siri hiyo. Mwingine analetewa mitishamba ya kuongeza uchungu, anaificha kwenye kikombe cha chai, na mfuko wa uzazi unaanza kukaza bila kupumzika hadi mtoto anakosa hewa, au mfuko wenyewe unachanika. Huyo tutamwandikia kwenye faili kwamba alitumia dawa za kienyeji, na hakuna atakayeandika kwamba alikuwa anaogopa.

Si kila woga ni ugonjwa. Mwanamke asiyekuwa na wasiwasi wowote kuhusu kujifungua ni nadra, na wasiwasi wa kiasi humfanya aandae nauli na kuwahi hospitali. Lakini kuna hofu inayomkosesha mama usingizi kwa wiki nyingi, inayomfanya aombe upasuaji bila sababu ya kitabibu, au akimbie mimba kabisa ilhali mtoto anamtaka. Kristina Hofberg na Ian Brockington waliieleza kitaalamu mwaka 2000 kwa jina la tokofobia, wakitofautisha inayompata mwanamke ambaye hajawahi kuzaa na inayomjia baada ya uzazi uliomuumiza. Miaka miwili kabla yao, Klaas Wijma na wenzake wa Sweden walikuwa wameshatunga dodoso la maswali 33 la kupima ukubwa wa hofu hiyo. Kwenye kadi zetu kuna nafasi ya wekundu wa damu, presha, kaswende, VVU na urefu wa mama. Nafasi ya kuandika anaogopa nini haimo.

Na anaogopa nini hasa? Nikiwauliza faraghani, maumivu na kifo hutajwa, kama mtu anavyotarajia. Kinachotajwa kwa sauti ya chini zaidi ni sisi: kufokewa, kupigwa mapajani, kuachwa peke yake, kuzalia sakafuni wakati muuguzi yuko kwingine, kushonwa bila ganzi, kuvuliwa nguo mbele ya watu. Hizi si hadithi za mtaani tu. Utafiti uliofanyika Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, uliwauliza wanawake walipokuwa wakitoka hospitali, na takriban 19 kati ya 100 wakasema walitendewa kwa namna ya kudhalilisha. Baadhi yao walipoulizwa tena wakiwa nyumbani, wiki kadhaa baadaye, idadi ilipanda hadi 28 kati ya 100. Tofauti hiyo inasema mengi: akiwa bado karibu na geti la hospitali, mama anaficha. Huko Kenya, Mahakama Kuu ya Bungoma mwaka 2018 iliamuru mama mmoja alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5, baada ya kujifungulia sakafuni na kupigwa na wauguzi mwaka 2013. Hofu ya mwanamke anayezijua habari za namna hii ina akili timamu. Huwezi kuiponya kwa kumwambia apumue taratibu.

Kabla sijaeleza kinachowezekana kufanywa, kuna mawazo yanayotuzuia, na mengi nimeyasikia kwa wenzangu wenye sare kama yangu.

La kwanza ni kwamba ukimweleza mama kila kitu utamtisha. Eti asijue kuhusu kuchanika, kushonwa, kipimo cha njia, kujisaidia haja kubwa wakati wa kusukuma. Mama huyo huyo ameshaambiwa yote na shoga, wifi na jirani, tena kwa chumvi nyingi. Tunachomnyima ni toleo sahihi tu. Anayejua mapema kwamba kichwa cha mtoto kikishuka atajisikia kama anataka kwenda haja kubwa hababaiki hisia hiyo ikimjia. Asiyejua anabana kwa aibu, anaomba aende chooni, na wapo waliozalia huko.

La pili ni kwamba bibi zetu walizaa shambani bila somo na wakaendelea kulima. Dick-Read mwenyewe alishabikia fikra kama hiyo: aliamini kwamba wanawake wa jamii alizoziita za kale huzaa bila maumivu, na katika miaka ya 1950 alizunguka Afrika akiitafutia ushahidi. Ni dhana ya mgeni, na inashangaza kuisikia ikirudiwa na wauguzi weusi katika leba za Kiafrika. Bibi zetu waliogopa, na wengi walikufa. Isitoshe, si kweli kwamba hawakufundishwa. Mwali wa pwani alikuwa na somo wake wa kumweleza mambo ya mwili. Wayao walikuwa na litiwo, unyago wa mwanamke aliyebeba mimba ya kwanza. Siku ya uchungu mkunga wa jadi alikuwa mtu anayemjua tangu utotoni, na wanawake wa nyumbani hawakumwacha peke yake. Yalikuwamo mafunzo mabaya pia, sitaki kuyapamba. Lakini tulipomhamishia mama hospitali tulichukua uzazi wake tukayaacha nyuma mafunzo na wale wanawake, na hatukuweka kingine mahali pao isipokuwa orodha ya hatari.

La tatu linatoka kwa wenye uwezo wa hospitali binafsi: anayeogopa afanyiwe upasuaji, yaishe. Kwa mwanamke mwenye hofu kali iliyoshindikana, baada ya mazungumzo ya kutosha, upasuaji wa kupanga unaweza kuwa uamuzi wa haki, na simlaumu. Kuugeuza kuwa dawa ya kawaida ya hofu ni jambo jingine. Upasuaji una hatari zake za kutokwa damu na kuambukizwa kidonda, na mzigo wake mkubwa unaangukia mimba zinazofuata, pale kondo linapojishikiza kwenye kovu au kovu lenyewe linapoachia wakati wa uchungu. Mama anayetaka watoto wanne na anaishi mbali na hospitali yenye damu ya akiba anapaswa kuambiwa hayo kabla ya kusaini. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2015 kwamba idadi ya upasuaji katika jamii ikishapita asilimia 10, vifo vya mama na watoto wachanga havionekani kupungua zaidi kwa sababu yake. Tena hofu haiishii thieta. Inahama tu kutoka kitu kimoja kwenda kingine.

Na la nne ni jipya, la madarasa ya kulipia yanayochipuka mijini, ambako wanandoa hukaa kwenye mipira mikubwa wakijifunza kupumua. Sina ugomvi na kupumua. Mbinu hiyo ilitoka kwa madaktari wa Kisovieti, na Fernand Lamaze akaipeleka Paris baada ya ziara yake ya mwaka 1951. Lakini Wasweden waliipima: utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwagawa kwa kura wanawake 1,087 wenye mimba ya kwanza, nusu wakafundishwa mbinu za kupumua na kujituliza, nusu wakapata elimu ya kawaida ya wajawazito. Waliochomwa sindano ya mgongoni ya kuondoa maumivu walikuwa asilimia 52 kila upande. Mbinu peke yake haikubadilisha kitu. Kwa hiyo anayekuuzia darasa kwa ahadi kwamba hutasikia uchungu, dai risiti.

Kilichosaidia kwa wenye hofu kali kilionekana Ufini, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Wanawake 371 wenye hofu kali katika mimba ya kwanza waligawanywa kwa kura. Walioalikwa kwenye vikundi walikutana mara sita kabla ya kujifungua na mara moja baada ya kujifungua, pamoja na mwanasaikolojia, wakizungumza juu ya hofu yenyewe, wakifahamishwa hatua za uchungu, wakijifunza kujituliza. Takriban 63 kati ya 100 walijifungua wenyewe kwa njia ya kawaida, dhidi ya karibu 48 kati ya 100 wa kundi jingine. Waliopasuliwa walikuwa karibu 23 dhidi ya 33. Walikaa kikundi kimoja, hofu ikatajwa kwa jina lake, na wakarudi tena baada ya mtoto kuzaliwa. Hivyo ndivyo vitu ninavyovitaka kwetu, na havihitaji mpira wala zulia.

Ningekuwa na wajawazito wa wiki ya 30 na kuendelea kwa asubuhi moja tu, ningewaambia haya. Uchungu wa kweli unakuja na kuondoka, ukiongezeka nguvu na kukaribiana, na katikati yake kuna mapumziko halisi ambayo mwili unayatumia. Yatumie kunywa maji au chai, kutembea, kuegemea ukuta, kuchuchumaa, kulala ubavu. Ute wenye damu kidogo ni dalili kwamba njia inaanza kufunguka, tofauti na damu inayotiririka, ambayo ni hatari. Kwa mimba ya kwanza, kuanzia sentimita tano hadi njia kufunguka yote haizidi saa 12 kwa kawaida, na ile kanuni ya sentimita moja kila saa si sheria kwa kila mwanamke. Kusukuma kunaweza kuchukua hadi saa tatu. Tutakupima njia kwa vidole, kwa kawaida kila baada ya saa nne, na una haki ya kutuomba tusubiri wimbi lipite. Ukitokwa na haja kubwa tutaifuta, tumezoea. Ukichanika utashonwa, na kabla ya kushonwa utachomwa ganzi. Mtoto akitoka utachomwa sindano ya kuzuia damu kutoka nyingi, kisha litatoka kondo. Tukikupeleka thieta, sababu zitakuwa hizi na hizi, na utaelezwa kabla ya kusaini. Utaumia, mama. Dawa za kutuliza maumivu ya uchungu katika vituo vyetu vya serikali ni chache, na sindano ya mgongoni kwa wengi haipo. Lakini maumivu hayo yana mwanzo, yana mwendo, na yana mwisho.

Wenzangu watauliza: muda uko wapi? Swali ni la haki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulipima dakika ambazo mjamzito wa Tanzania alizipata kwa mhudumu. Hudhurio la kwanza lilikuwa dakika 15, la marudio dakika 9. Ili mwongozo wa wakati ule ufuatwe wote zilihitajika 46 na 36. Tangu hapo vipimo vimeongezeka na mahudhurio yanayopendekezwa yamepanda kutoka manne hadi manane. Kumtaka muuguzi mmoja mwenye foleni ya wajawazito hadi mlangoni amweleze kila mmoja wao hatua za uchungu ni kumtania.

Ndiyo maana naamini katika vikundi. Badala ya kurudia maneno yaleyale ya dakika mbili kwa wanawake kumi na wawili, wakusanye wenye mimba za umri unaokaribiana na ukae nao saa moja na nusu. Vipimo vinafanyika palepale pembeni, na mazungumzo yanabeba yaliyobaki. Mtindo huu umejaribiwa Malawi, Tanzania, Kenya na Nigeria, na Rwanda iliupima katika vituo 36 vya afya. Matokeo ya Rwanda yanafaa kusemwa yalivyo: lengo lilikuwa kuongeza umri wa mimba wakati wa kujifungua, na halikufikiwa. Nchini Nigeria, waliokuwa kwenye vikundi walijifungulia hospitalini kwa wingi zaidi. Kikundi si muujiza. Kinachonivutia ni kwamba mama mwenye watoto watatu akisimulia alivyosukuma, yule wa mimba ya kwanza anauliza maswali ambayo mimi mwenye sare asingeniuliza kamwe. Tena hapo uongo wa mtaani unakutana na mkunga ana kwa ana na kusahihishwa papo hapo.

Jambo la pili halina gharama karibu yoyote: wafungulie mlango waione leba. Hospitali kubwa moja ya serikali jijini Dar es Salaam iliwahi kuendesha siku maalumu za wajawazito kutembelea wodi ya uzazi, kuelezwa haki zao na utaratibu, na kukutana na wahudumu kabla ya siku yenyewe. Watafiti walioifuatilia walichapisha mwaka 2016 kwamba uelewa wa wanawake uliongezeka, na kwamba ilikwenda pamoja na warsha za heshima kwa watumishi. Hiyo sehemu ya pili ndiyo inayoifanya ya kwanza iwe na maana. Ukimwonyesha mama kitanda, ukamwambia atalindwa, halafu usiku ule akatukanwa, umeharibu mara mbili: uzazi huu na ujao. Huko Korogwe, mradi uliopewa jina la Staha uliwakutanisha wananchi na watumishi wakakubaliana jinsi ya kutendeana, na vitendo vya kudhalilisha vilipungua sana. Elimu ya mjamzito na tabia ya leba ni kazi moja. Anayetengeneza upande mmoja peke yake asitushangaze akitueleza kwamba haikufanya kazi.

La tatu ni mtu wa kukaa naye. Uchambuzi wa pamoja wa mwaka 2017 uliojumuisha majaribio 26 na wanawake zaidi ya 15,000 ulionyesha kwamba mama mwenye msindikizaji asiyemwacha hujifungua kwa njia ya kawaida kwa wingi zaidi, uchungu wake huwa mfupi kidogo, na upasuaji hupungua. Kigoma ilijaribu ndani ya vituo vya serikali, na wanawake waliosindikizwa waliridhika zaidi na huduma. Kisingizio chetu ni faragha: vitanda vinne, chumba kimoja, hakuna pazia. Basi tununue mapazia. Wilaya inayoweza kulipia semina ya siku tatu hotelini inaweza kulipia fito na kitambaa. Na huyo msindikizaji aje kliniki walau mara moja, afundishwe kukanda mgongo, kumnywesha, na kunyamaza inapobidi. Mume, mama, dada, yeyote anayemtaka mwenyewe. Tumekuwa mahodari wa kumdai mume siku ya kwanza ili apime VVU, hata asiye na mume anatumwa kuleta barua ya serikali ya mtaa. Baada ya hapo mume huyo hatumhitaji tena, na siku ya uchungu anafungiwa nje ya geti.

Ujumbe wa simu nao una kazi yake. Tanzania ilianza Wazazi Nipendeni mwaka 2012, na mama aliye mbali alipata neno la kila wiki bila malipo. Ila ujumbe haumshiki mtu mkono.

Wizara ikitaka kuanza mahali padogo, iongeze mstari mmoja kwenye kadi ya kliniki: "Unapofikiria siku ya kujifungua, unaogopa nini zaidi?" Uulizwe mara mbili, mwanzoni na baada ya wiki ya 30, na jibu liandikwe kwa maneno ya mama mwenyewe. Atakayejibu kwamba halali usiku, au kwamba yaliyompata uzazi uliopita bado yanamjia ndotoni, apangiwe kikao na mkunga mzoefu, na pale penye mtaalamu wa afya ya akili aonwe naye. Na kila aliyejifungua, kabla hajaruhusiwa, apewe robo saa ya kusimuliwa kilichotokea na kwa nini: kwa nini alikimbizwa thieta, kwa nini mtoto alichukuliwa mbio. Hofu ya mimba ya pili huanzia katika maswali ya uzazi wa kwanza ambayo hayakujibiwa.

Na wewe mjamzito unayesoma, usisubiri kadi mpya. Hudhurio lako lijalo, muombe mkunga akuonyeshe chumba utakachojifungulia, akueleze ni nani ataruhusiwa kukaa nawe, na akutajie ni lini unapaswa kutoka nyumbani uchungu ukianza. Andika majibu nyuma ya kadi, na nenda na yule utakayemtaka awe nawe siku hiyo ili ayasikie pia. Ukijibiwa kwa ukali, mwone mganga mfawidhi wa kituo.